Mwanao wa Darasa la Kwanza Anasoma au Anakariri? Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Kusoma Nyumbani

Chukua kitabu cha shule cha mwanao, fungua ukurasa anaoupenda, mwache akusomee. Akimaliza, ziba picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno moja katikati ya sentensi na umuulize ni neno gani. Halafu chukua karatasi uandike maneno matatu ambayo hayapo katika Kiswahili: nilamu, tobeki, kosuma. Mwambie ayasome.

Mtoto anayejua kusoma atayasoma, hata akienda taratibu. Anayekariri atakutazama usoni, atakisia neno linalofanana nalo, au atarudi mwanzo wa sentensi na kuighani upya ili alifikie lile neno uliloliuliza. Watoto wengi sana hufika Darasa la Pili wakiwa hivyo, na madaftari yao yana vema kila ukurasa, kwa sababu kunakili ubaoni hakuhitaji kusoma. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Kiwango kinachotakiwa kwa shule za msingi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 shule nyingi zimezidiwa. Nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kwa sauti iko nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, kaka au dada mkubwa, yeyote anayeweza kukaa na mtoto dakika kumi na tano kwa siku. Huhitaji kuwa mwalimu. Unahitaji kujua Kiswahili kinavyofunguka, kwa sababu lugha yetu ni miongoni mwa lugha rahisi kuzisoma ukipita njia yake: unachokiona ndicho unachokitamka. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza mwaka 2015 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, ulijengwa juu ya jambo hilo hilo. Mzazi wa Kenya mwenye mtoto wa Gredi ya Kwanza anaweza kuutumia vilevile, maana sauti ni zilezile.

Hatua ya kwanza: masikio kabla ya macho

Kabla hujamwonyesha herufi, hakikisha anasikia kwamba maneno yametengenezwa kwa vipande. Pigeni makofi pamoja: ma-ji, ka-la-mu, ba-na-na-si? Hapana, na-na-si. Kosea kwa makusudi akusahihishe, watoto wanapenda sana hilo. Mkishazoea makofi, nenda kwenye sauti ya kwanza: "Nataja kitu kilichopo jikoni, kinaanza na sss..." Sufuria! Sahani! Sukari! Chezeni mkiwa mnachambua mchele au mkiwa kwenye daladala. Hakuna kalamu wala daftari hapa.

Jioni, hadithi. "Paukwa!" na yeye aitike "Pakawa!" Vitendawili navyo vina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto anayetega "Nyumba yangu haina mlango" na kungoja mwenzake ajibu "yai" anajifunza kushika maneno kichwani na kuyageuza-geuza kutafuta maana. Siku atakapokutana na aya ndefu kitabuni, uwezo huo ndio atakaoutumia. Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kihaya au Kichaga, msiache kwa sababu mtoto ameanza shule. Msimulie kwa lugha hiyo, kisha siku nyingine msimulie hadithi ileile kwa Kiswahili. Anayeielewa hadithi kwa lugha moja hupata njia nyepesi ya kuielewa kwa nyingine.

Hatua ya pili: sauti, wala si majina ya herufi

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotezwa, na wanaowapoteza ni watu wazima wenye nia njema. Tunawafundisha "a, be, che, de" kama wimbo, kisha tunashangaa mtoto akiona ba anasoma "bea". Kwake yeye amefanya sawasawa: be na a ni bea. Wengine wametoka shule ya awali ya Kiingereza wakiimba "ei, bii, sii", na sasa wakiona a kwenye neno la Kiswahili wanaita "ei".

Mfundishe kila herufi kwa mlio wake. M ni mmm, midomo imefungwa. S ni sss. L ni lll. K ni mlio mfupi sana wa nyuma ya mdomo, si "ke". Usiongeze irabu nyuma yake. Majina ya herufi atayajua baadaye bila shida yoyote.

Anza na irabu tano: a, e, i, o, u. Mpe siku chache hadi azitaje zote bila kusita ukizichanganya. Baada ya hapo usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na konsonanti zinazoweza kuvutwa, yaani zile ambazo pumzi haikatiki: m, l, n, s. Sababu ni hii: mtoto anaweza kuvuta mmmmm hadi aingie kwenye aaaa bila kuachia pumzi, na akasikia mwenyewe ma ikizaliwa. Kwa k, t, b hawezi, kwa sababu mlio unakatika papo hapo. Akishaelewa muunganiko kwa m, ataupeleka kwenye k bila kuelezwa.

Fanya hivi. Kata boksi la viatu au la sabuni vipande vyenye upana wa vidole vinne. Andika herufi ndogo, moja kila kipande, kwa kalamu nene. Herufi kubwa zisubiri. Weka m mezani, na a mbali nayo kama urefu wa kalamu. Weka kidole chake kwenye m. Avute mmmm huku kidole kikiteleza polepole hadi kwenye a, bila kunyamaza katikati. Sogeza kadi karibu zaidi, arudie. Sogeza hadi zigusane. Mara ya tatu au ya nne utaona uso wake unabadilika na atasema "ma!" kabla hujamuuliza. Ukilazimika kumwambia wewe, hajafika bado, rudia kesho. Usimwambie.

Kisha badilisha irabu tu: me, mi, mo, mu. Zichanganye. Ukizipanga kila siku kwa mpangilio wa ma-me-mi-mo-mu, atakariri wimbo badala ya kusoma, na utakuwa umerudi pale pale ulipoanzia.

Hatua ya tatu: maneno ya kweli mapema iwezekanavyo

Usisubiri amalize herufi zote ndipo asome neno. Akiwa na irabu tano na m na l peke yake, tayari ana mama, mimi, lala, lima, mali, ulimi, limau. Ongeza n na sasa anasoma sentensi zenye maana:

Mama analima.
Nani amelala?
Nani ana limau?
Mimi nina ulimi.

Ziandike kwenye karatasi, zibandike mlangoni. Ile ya "Nani amelala?" ibandike karibu na kitanda, ukimwamsha muulize imeandikwaje.

Ongeza s, k, t na b, moja baada ya nyingine, na usiharakishe kwenda mpya kabla ya ya zamani kukaa. Hapo ataweza "Baba anatoka sokoni na samaki", "Bibi anasuka ukili", "Babu amesema tulale." Tunga zako mwenyewe kwa majina na mambo ya nyumbani kwenu. Mtoto atasoma kwa bidii sentensi inayomtaja mdogo wake.

D iweke mbali na b. Acha wiki kadhaa zipite katikati. Zikija pamoja atazichanganya, maana kwa macho yake ni umbo lilelile limegeuzwa. Hata ukizitenganisha, kugeuza herufi mara moja moja ni jambo la kawaida kwa mtoto wa miaka sita au saba, na hakuna haja ya kumsema.

Akikwama kwenye neno, usilisome. Ziba sehemu iliyobaki kwa kidole, aone silabi ya kwanza tu. Asome. Fungua inayofuata. Asome. Kisha azirudie pamoja. Kwa maneno marefu hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote ninazozijua.

Hatua ya nne: mahali ambapo Kiswahili kinatega

Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, na mtoto huzoea hivyo. Kisha anakutana na mtu, mti, mto, na anasoma "mutu" au "matu" kwa sababu anaitafuta irabu. Rudi kwenye makofi: m-tu ni makofi mawili, m ina kofi lake. M-to-to, matatu. M-ku-lima? M-ku-li-ma, manne. Akipiga kwa mikono hatatia irabu isiyokuwepo. Mbwa, mbu na nzi nazo ni makofi mawili, m-bwa, m-bu, n-zi, lakini mbuzi ni mbu-zi. Usimweleze sababu, mdomo wake unajua tayari.

Halafu kuna herufi zinazoshikana kutoa mlio mmoja: ch, sh, ny, th, dh, gh. Ziandike kwenye kadi moja, kwa rangi moja, ili azione kama kitu kimoja. Kadhalika mb, nd, nj, nz, ng. Ile ng' yenye kibainishi ifundishe kwa jozi: ngoma na ng'ombe, ngazi na ng'aa. Mwambie ashike pua akisema ng'ombe, asikie mlio unavyopita puani bila g kugonga.

Thelathini na dhahabu huwatesa watoto wengi kwa sababu nyumbani tunasema "selasini" na "zahabu". Kaa naye mbele ya kioo, ulimi uonekane kati ya meno kwa th na dh, ufichwe kwa s na z. Vivyo hivyo l na r: anayesema "nimekura" ataandika "nimekura". Mwonyeshe ulimi unavyotulia juu kwa l na unavyotetema kwa r. Wala asichekwe. Lafudhi ya nyumbani kwake si kosa, anajifunza tu kwamba maandishi yana matamshi yake.

Irabu mbili zikifuatana kila moja ina kofi: ka-a, ta-a, cho-o. Linganisha kua na kwa: makofi mawili, kofi moja.

Hatua ya tano: kutoka silabi kwenda ufasaha

Mtoto anayesoma "wa-li-po-ku-wa wa-ki-che-za" silabi kwa silabi, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Anajua kusoma, ila bado haelewi anachokisoma kwa sababu nguvu zote zimeishia kwenye kuunganisha. Vitenzi vyetu ni virefu, na dawa yake ni kumfundisha kuona vipande vikubwa. Andika kwa safu:

anacheza, alicheza, atacheza, amecheza
anapika, alipika, atapika, amepika
wanaimba, waliimba, wataimba, wameimba

Asome kwenda chini, kisha kwenda kando. Baada ya siku chache ana-, ali-, ata-, ame- zitakuwa zinaonekana mara moja kama picha, na kitakachobaki kusomwa ni cheza au pika tu.

Pamoja na hilo, asome kifungu kifupi kilekile mara tatu: mara ya kwanza polepole, mara ya pili na wewe mkienda pamoja, mara ya tatu kama anamsimulia mtu. Kusikiliza mara ya tatu ndiko kutakakokuambia kama amefika. Sauti inapanda kwenye swali, inatua kwenye nukta.

Halafu funga kitabu umuulize. Usiishie kwenye "nani?" na "wapi?", maana majibu hayo yako wazi kwenye maandishi. Uliza "Kwa nini alikimbia?" "Wewe ungefanyaje?" "Unadhani kesho yake kilitokea nini?" Akijibu kwa neno moja, ngoja. Kimya cha sekunde kadhaa hakimdhuru.

Vitabu visipokuwepo, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada unavyoweza kuvisoma kwenye simu. Lakini usidharau pakiti ya unga, jina la duka, tangazo ukutani, maandishi ya nyuma ya bajaji. Mtoto aliyegundua kwamba mtaa wake wote umeandikwa hatakuhitaji umsukume sana.

Hatua ya sita: mkono

Kuandika kunaanzia kwenye vidole vyenye nguvu. Mdako, ule wa kurusha jiwe na kuchota mengine shimoni kabla halijadondoka, unafanya kazi ambayo daftari haliwezi: vidole, macho na hesabu kwa pamoja. Kumenya karanga, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote vinasaidia. Herufi mpya aiandike kwanza mchangani kwa kidole, kubwa, huku akiutoa mlio wake kwa mdomo.

Penseli ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, ikilalia kidole cha kati. Fupi ni bora kuliko ndefu kwa mkono mdogo. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie, na daftari lake lilazwe kidogo upande wa kulia. Kumlazimisha kubadili kunamchelewesha na kumtia hofu bila faida yoyote.

Kunakili kusizidi mistari mitatu. Kilicho na maana ni imla: taja neno moja lenye sauti anazozijua, aliandike mwenyewe. Akiandika "mto" badala ya mtoto, mpigishe makofi, agundue silabi iliyopotea.

Kuhesabu, kwa ufupi

Kuimba moja hadi mia si kuhesabu. Mwagia vizibo vya soda kumi na vitatu mezani, mwambie ahesabu, kisha vitawanye uulize tena viko vingapi. Akianza kuhesabu upya, bado hajashika kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa. Rudia kwa maharage, vijiko, watu waliokaa mkekani.

Majina ya namba zetu humsaidia mtoto hadi kumi na tisa, kwa sababu kumi na tatu inajieleza yenyewe. Kisha zinakuja ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, na hakuna anachoweza kukisia kutokana na mbili au tatu, nne au tano. Ndiyo maana wengi husema "kumi na kumi" au wakaruka. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira, aone kwamba ishirini ni mafungu mawili na thelathini ni mafungu matatu. Akishaona, majina atayashika. Baada ya hapo mtume dukani na sarafu za 100 na 200, na chenji aihesabu mbele yako.

Ratiba, usingizi na fimbo

Dakika kumi na tano, kila siku, akiwa ameshakula. Si saa mbili Jumapili. Akianza kupiga miayo au kujinyonga-nyonga kwenye kiti, malizeni kwa neno aliloliweza, mfunge. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili, hivyo anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule alale saa mbili usiku, televisheni iwe imezimwa. Na asiondoke nyumbani na tumbo tupu: uji mzito, viazi, kiporo cha wali, chochote kilichopo.

Kuhusu fimbo nitasema wazi. Mtoto anayeogopa hawezi kuunganisha silabi, kwa sababu macho yako kwenye mkono wako wala si kwenye kadi. Ukiona hasira inapanda, ahirisha hadi kesho. Tuisheni ya jioni nayo, ile ya watoto arobaini sebuleni wakinakili ubaoni, haimpi kile anachokikosa shuleni. Anakosa mtu wa kumsikiliza yeye peke yake.

Lini uombe msaada

Watoto hutofautiana sana. Mmoja ataunganisha silabi ndani ya wiki chache, mwenzake atahitaji muhula mzima, na wote wawili wako sawa. Lakini peleka mtoto akapimwe macho na masikio hospitalini ukiona anasogeza kitabu puani, anakunja uso kutazama mbali, anaumwa kichwa mara kwa mara akisoma, anageuza sikio moja akiitwa, anaongeza sana sauti ya redio, au masikio yanatoa usaha. Fanya hivyo kabla ya kumwita mvivu. Mwenye kigugumizi au matamshi ambayo hata ndugu zake hawayaelewi naye aonwe na mtaalamu.

Kama umefuata hatua hizi kwa uaminifu muhula mzima na bado hakumbuki sauti alizozijua jana, nenda kwa mwalimu wake mapema, usingoje upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Nenda na kadi zako na karatasi za imla. Muulize mambo matatu: ni sauti gani anazijua na zipi hazijui, amekaa wapi darasani, na je, akiitwa asome peke yake anafanyaje? Mwombe amhamishie mbele. Kisha mkubaliane sauti mbili au tatu za kufanyia kazi kwa wiki mbili zijazo, wewe nyumbani na yeye darasani, na siku ya kukutana tena.